Inchi Nne za Maggie

Wakonyo wa Kamenu alikuwa na hasira za karibu, na hakuzionea haya. Mteja akichelewa kuchukua nguo yake, aliambiwa. Mteja akileta kitambaa kifupi na kutaka gauni refu, aliambiwa pia, tena mbele ya watu. Walimvumilia kwa sababu moja tu, kwamba Thika nzima hakukuwa na fundi aliyejua kukata sketi kama yeye. Ukivaa sketi ya Wakonyo, hata aliyekuchukia alikubali kwamba leo umetoka vizuri.

Kazi alifundishwa miaka ya sabini na Mzee Idarous, aliyekuwa akishona barazani karibu na msikiti. Mzee alimfundisha mambo mawili: kukata bila kuharibu kitambaa, na kunyamaza. Fundi huwaona watu wasivyoonwa na wengine. Hujua nani ana mimba kabla ya mumewe kujua, nani amekonda kwa mawazo, nani ana alama ya mkanda mgongoni. "Kipimo cha mtu ni amana," Mzee alikuwa akimwambia. "Siku utakayokisema nje, vua hiyo tepu shingoni, ukauze nyanya." Wakonyo, ambaye mdomo wake haukujua breki, kwa jambo hilo moja alikuwa bubu. Miaka ishirini na mitatu hakuwahi kusema kiuno cha mtu kwa mtu mwingine.

Basi Jumatatu moja ya Juni mwaka wa 1998, Maggie aliingia dukani na kitambaa cha rangi ya samli, akakiweka mezani. Maggie alikuwa binti wa dada yake marehemu. Wakonyo alimchukua akiwa na miaka sita, akamlea humo humo dukani, akilala mchana juu ya mabaki ya vitambaa chini ya meza. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, akifanya kazi katika kiwanda cha kutia matunda kwenye mikebe, na mwezi wa Agosti wazee wa kina Kahiga, mchumba wake, walikuwa waje kwa ruracio, yaani kuzungumzia mahari.

"Sketi ya ruracio, tata," alimwambia shangazi yake. "Ikae mwilini."

Wakonyo akatoa tepu, akampima kiuno, akampima nyonga, akaandika. Maggie akachungulia kitabu.

"Hapo kwa nyonga ongeza inchi nne."

"Inchi nne za nini?"

"Wewe ongeza tu. Zitajaa."

"Zitajazwa na nini? Uko na mimba?"

"Haiya! Tata!" Maggie akacheka, halafu akaacha kucheka. "Naenda kwa daktari. Jumamosi. Huko Gitothua."

Wakonyo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mkasi ulimponyoka ukaanguka sakafuni, na hakuuokota. Alishindwa aanze kugomba na nani. Akaanza na aliyekuwa karibu.

"Umerogwa? Mwili umepewa na Mungu, mzima, hauna hata kovu, unaenda kuupeleka kudungwa na nani? Gachanja? Unajua Gachanja ni nani?"

"Ni daktari."

"Ni daktari wa ng'ombe wa mama yangu!"

Hakutia chumvi. Gachanja alikuwa msaidizi wa mambo ya mifugo. Miaka kumi alizunguka Mugutha yote kwa pikipiki, akipandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali na kuwadunga dawa za minyoo. Na huku kwetu mtu anayedunga ng'ombe huitwa daktari bila swali. Akifika bomani huvutiwa kiti na kumiminiwa chai, na watoto huambiwa wamwamkie daktari. Jina likamkaa vizuri. Alipopanga vyumba viwili nyuma ya duka la mbolea pale Gitothua, Ruiru, akavaa koti jeupe na kuanza kudunga wanawake waliotaka makalio, hakuna aliyemwuliza cheti. Waliokua wakimwita daktari tangu utotoni wangeanzaje kumwuliza?

"Hiyo ilikuwa zamani," Maggie akasema. "Amesomea."

"Amesomea wapi?"

Maggie hakujua. Akakaa kwenye kiti cha wateja, macho yamemjaa maji, akasema kilichomsukuma. Kahiga alikuwa amempeleka nyumbani kwao Mugutha kuonana na mama yake. Mama Kahiga alimzungushia macho, akawaambia wanawake waliokuwa wakimenya viazi pale jikoni: "Huyu ngoi itashikilia wapi?" Ngoi ni kile kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni. Wakacheka wote. Kahiga naye, badala ya kutetea, akacheka pia. Njiani wakirudi akamwambia eti mama anapenda mzaha.

"Mzaha," Wakonyo akarudia. Alitaka siku hiyo hiyo aende Mugutha ampe yule mama vidonge vyake. "Yeye huyo Kahiga ana meno ya sungura na hakuna aliyemwuliza atatafuna nini. Mwambie—"

"Siendi kwa sababu yao pekee yao," Maggie akamkata. "Hata mimi nataka. Nimechoka kuvaa sketi inaning'inia kama iko kwa kamba ya kuanika. Na kama huyo daktari ni mbaya, mbona Kanini yuko poa? Nilimwona akitoka hapa kwako na ile sketi ya maruni. Aki tata, vile amekaa! Nikamfuata hadi saluni, nikamwuliza. Akaniambia ni Gachanja."

Hapo Wakonyo alinyamaza. Maggie alidhani ameshinda. Aliaga, akaacha kitambaa mezani.

Kanini alikuwa na saluni upande wa stendi. Alikuja dukani mwezi wa Februari, mvua ya El Niño ikiwa bado haijaisha, akafunga mlango mwenyewe, akavua. Wakonyo alikuwa ameona miili ya kila namna, lakini ule ulimfanya arudi nyuma hatua moja. Upande wa kulia ulikuwa wa duara, umejaa. Wa kushoto ulikuwa umeteremka kuelekea paja, na ngozi yake ilikuwa nyekundu na imevutika. Alipozungushia tepu alihisi joto. Alipogusa, kulikuwa kugumu kama ugali uliolala.

"Gachanja anasema ni damu bado inatafuta njia," Kanini alimwambia. "Fundi, nifichie. Watu wakijua, nitafunga saluni."

Akamfichia. Alikata kiuno cha ile sketi kwa mshazari ili pindo lining'inie sawa, akaingiza sponji upande wa kushoto, vipande vitatu vilivyopishana, akashona bitana, kitambaa cha ndani, juu yake mpaka hata mkono usingegundua. Alikaa juu ya kazi hiyo siku nne. Ilikuwa sketi nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na alijua. Baada ya Pasaka walikuja wengine wawili, nao makalio yao yakiteremka, nao akawafichia. Hakusema neno. Kipimo ni amana.

Na sasa mtoto aliyemlea alikuwa ameiona kazi ya sponji barabarani, akaipenda, akataka kwenda kwa aliyedhani ndiye aliyeitengeneza.

Usiku huo Wakonyo hakula. Alimkasirikia Gachanja, akamkasirikia mama Kahiga na viazi vyake, akamkasirikia Kanini kwa kumtaja Gachanja kwa sauti ya sifa huku usiku akilalia tumbo. Alipowamaliza wote akabaki na mtu mmoja, na huyo hakutaka kumwangalia.

Jumatano alikuja Nadira kujaribu yunifomu yake mpya. Nadira alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka kumi na minne, mwanamke mpole, buibui yake ikining'inia mlangoni huku akigeuka mbele ya kioo. Wakonyo, pini mdomoni, akamwuliza kana kwamba ni mazungumzo tu: mtu akitaka kuongezwa makalio, hiyo kitu hufanywa vipi?

Nadira alimwangalia kupitia kioo. "Ni wewe?"

"Mimi nitayapeleka wapi? Kuna mtu."

"Upasuaji wa kweli upo, dada," Nadira akasema. "Nairobi kuna madaktari wachache wa kurekebisha mwili, hata wengi wao kazi yao ni watoto walioungua na waliozaliwa midomo imepasuka. Mmoja wa hao akikubali, ujue kwanza atakupima damu, atakuuliza moyo, sukari, kama unavuta sigara, kama unataka kuzaa tena. Mwingine atakwambia rudi nyumbani ukafikirie. Anayekukubalia siku hiyo hiyo, mkimbie. Wao hutoa mafuta yako mwenyewe, ya tumbo, wakayapeleka nyuma, ama wanapachika kifuko cha silikoni ndani. Na hata kwao, pamoja na mashine zote na mtu wa kukulaza usingizi, kuna hatari. Mafuta yakiingia kwenye mshipa wa damu hukimbilia mapafu, mtu akafa. Kifuko huhama. Kidonda huoza. Ukipona salama pia, wiki kadhaa hukalii, unalala kifudifudi kama mtoto mchanga, na lazima kuwe na mtu wa kukupikia na kukuosha. Hayo hakuna anayeyatangaza."

"Na ya sindano? Ya chupa?"

Nadira aliacha kugeuka. "Chupa ya nini?"

"Anayedunga anasema ni dawa ya kunenepesha."

"Huyo mtu wako ameshadungwa?"

"Bado. Jumamosi."

"Basi mfunge kamba." Nadira hakuwa mpole tena. "Ile si dawa. Ni silikoni ya maji maji, ama mafuta ya kitu hata hatujui. Ikishaingia haina mlango wa kutokea. Haivutwi na sindano. Inatambaa ndani ya nyama, inateremka, inakuwa mawe. Anayetaka kuitoa lazima aitoe na nyama yako. Mwaka jana tulipokea mmoja, nilimshika mguu mimi mwenyewe akikatwa nyama. Mwambie huyo mtu amuulize daktari wake: jina lako liko kwa orodha ya madaktari wa nchi hii? Hiyo chupa imeandikwa nini? Nikishikwa na homa wiki ijayo nije kwa nani, na ana kitanda? Halafu amwambie, nionyeshe mwanamke uliyemdunga mwaka jana. Lakini si kwa nguo. Avue."

Wakonyo alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Nadira alipoondoka, alifunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya dada yake, akaenda saluni kwa Kanini.

Kanini hakumpokea vizuri. Alimvuta nyuma ya pazia, akamwambia fundi wa watu hafuati mteja kazini kwake. Wakonyo akamwambia habari za Maggie. Kanini akasema yeye hakumtuma mtu kwa Gachanja, aliulizwa akajibu.

"Ungemjibu yote," Wakonyo akasema.

"Na wewe? Wewe ni mama yake, ulimjibu nini?"

Ndipo Wakonyo alipoona kwamba Kanini alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja, na kwamba shingo yake ilikuwa na jasho asubuhi ya baridi ya Juni. Aliweka mkono kwenye paji la uso wake. Kanini hakuuondoa.

"Ni homa ya siku ngapi?"

"Inakuja na kwenda. Tangu mwezi uliopita."

"Utaenda hospitali?"

"Nikiulizwa nilifanya nini, niseme nini?" Sasa alikuwa analia, kimya, asisikike na wateja. "Jumamosi naenda kwake. Lazima anitengeneze. Si yeye alifanya?"

"Tutaenda pamoja," Wakonyo akasema.

Siku tatu alijaribu kumzuia Maggie kwa njia zote isipokuwa ile moja. Alifoka, akanuna, akaomba. Alimsomea maswali ya Nadira, Maggie akajibu kwamba yule Nadira ameona wagonjwa tu, waliopona hawaendi hospitali. Kanini alikuwa mfano wake, na Kanini alikuwa mzima mbele ya macho yake. Neno moja la Wakonyo lingevunja mfano huo, na neno lenyewe lilimkwama shingoni ilipokuwa tepu.

Jumamosi saa nne asubuhi, nyuma ya duka la mbolea, kulikuwa na benchi yenye wanawake sita. Maggie alikuwa wa tatu. Alipomwona shangazi yake aliangalia pembeni. Nyuma ya Wakonyo aliingia Kanini, amevaa ile sketi ya maruni, amejipaka, akijikaza atembee sawa. Benchi nzima iligeuka kumtazama.

Gachanja alitoka chumba cha ndani, koti jeupe, viatu vya mvua vya kazi ya zamani bado miguuni. Alikuwa mtu wa uso mzuri na sauti ya kanisani. Wakonyo hakumsalimia.

"Chupa yako imeandikwa nini?"

"Mama, habari yako kwanza—"

"Imeandikwa nini? Jina lako liko kwa orodha gani ya madaktari? Hawa wakishikwa na homa walale wapi, kwa mbolea?"

Gachanja akacheka, akawageukia wa benchi kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mlevi. "Wazee wetu wanaogopa maendeleo. Mimi sina maneno mengi. Kazi yangu inajisemea." Akanyoosha mkono kwa Kanini. "Si mmuone huyu? Huyu nilimfanya Novemba. Geuka kidogo, mamaa. Muone vile kazi imekaa."

Kanini aligeuka. Aligeuka kwa mazoea tu, kama mtu aliyezoea kuambiwa amependeza. Na wale sita wakaguna kwa kutamani, Maggie akiwa mmoja wao. Wakonyo aliisikia sauti yake katikati ya zile nyingine.

"Hiyo ni kazi yangu!" alipiga kelele. "Hiyo ni kazi yangu mimi, mwizi wewe! Hapo unaonyesha mshono wa Wakonyo!"

Gachanja hakuelewa. Aliyeelewa ni Kanini. Alisimama pale, mgongo kwa watu. Halafu Kanini akasema bila kugeuka, "Fundi, fungua."

"Una hakika?"

"Nimesimama miezi saba, kukaa siwezi. Fungua."

Wakonyo alitoa wembe kwenye mkoba. Alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akainua ukingo wa sketi, akapasua bitana. Mkono uliokuwa umeshona kwa siku nne ulifumua kwa dakika moja. Akavuta sponji ya kwanza, akaitupa miguuni pa benchi. Ya pili. Ya tatu. Kitambaa cha maruni kilizama upande wa kushoto, pindo likaenda kombo, na Kanini mwenyewe akakishika akakipandisha hadi kiunoni ili waone ngozi. Ilikuwa zambarau sasa. Sehemu moja ilikuwa imeanza kutoa maji.

Hakuna aliyeguna.

"Muulizeni hiyo ni kazi ya nani," Kanini akasema.

Gachanja alianza kusema habari ya damu kutafuta njia, habari ya mtu kutofuata masharti, habari ya mtu kukalia vibaya. Wakonyo hakumsikiliza. Alimwambia mbele ya wote kwamba ng'ombe akiharibika huchinjwa na hasemi, ndiyo maana alizoea kazi ile, na kwamba angetoka pale aende moja kwa moja kituo cha polisi, na kama hao hawangesikia angekaa nje ya duka lile kila Jumamosi na wembe wake mpaka afe. Gachanja aliingia ndani akafunga mlango. Wanawake watatu walichukua mikoba yao. Wawili walibaki wamekaa, wanaangalia ukuta, na Wakonyo aliwapigia kelele pia, hadi sauti ikamkauka. Hawakuinuka.

Maggie alikuwa ameshatoka. Wakonyo alimkuta kando ya barabara akimshikilia Kanini chini ya kwapa, Kanini amejifunga leso ya Maggie kiunoni. Walikuwa wanangojea gari la kuwapeleka Thika, hospitalini kwa Nadira. Wakonyo alitaka kumkumbatia yule mtoto, alimwona mzima, nyonga zake zile zile za kitabuni, akataka kucheka kwa furaha. Maggie alimzuia kwa macho.

"Tata, ulijua lini?"

"Februari."

"Hii ni Juni."

"Ilikuwa amana. Fundi hasemi—"

"Leo umesema."

Kanini aliangalia chini.

"Ile siku nilimwona akitoka kwako," Maggie akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Wakonyo angependelea makelele. "Nilikuwa nimeleta chai. Nikakwambia, tata, muone vile Kanini amependeza, hata mimi natamani kuwa hivyo. Ulikuwa umesimama hapo mlangoni unamwangalia akienda. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Wakonyo alikumbuka. Alikuwa amekunja mikono, amejaa fahari hadi kooni, macho kwenye ule mshono.

"Nilisema asante," akajibu.